Kiti ni cha kuazima

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Umeniuliza mbunge wa bunge la jimbo, kama hili letu la Minnesota huku Marekani, akae miaka mingapi ndipo apishe wenzake. Ningekwambia minane, barua ikaisha. Lakini nakujua: wataka kujua nilimpa nani kura mwaka ule wa 2016.

Phyllis Kahn, aliyekuwa mbunge wetu, alichaguliwa mwaka 1972. Mimi nilikuwa nakwenda chuoni na juzuu kwapani. Miaka 44, kwa mihula ya miaka miwili miwili! Babako akisema yule bibi kashaota mizizi pale kitini, nami namjibu lile neno langu mlilolichoka: kiti ni cha kuazima.

Ila kifua changu wakijua. Tulipofika Minneapolis niliosha vyombo mkahawani, penye upande wa wavuta sigara na upande wa wasiovuta. Sheria ile ya kuwatenga, ya 1975, aliipigania yule bibi. Kweli, moshi haujui kusoma kibao, ulivuka tu. Marufuku kamili ilikuja 2007. Lakini bila kibao kile sijui kama pumu ingeniacha. Mtu kama huyo utamwondoaje?

Halafu kuna Ilhan Omar, binti wa Kisomali aliyegombea kiti hicho hicho, mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Utange, kule Mombasa. Si wakumbuka nilivyokuwa nikiuza mahamri nje ya kambi ile? Sijui kama aliwahi kula langu. Wale watoto walikuwa wakija watano na shilingi moja, na mimi, Mungu anisamehe, siku nyingine niliwafukuza.

Basi Agosti 9, kura za mchujo, za kuchagua mgombea wa chama. Majina matatu, viduara vitatu. Babako kashamaliza, ananisubiri mlangoni. Nikaweka kalamu kwa bibi, nikainyanyua. Nikatia wino kwa binti.

Usiku binti kashinda, na Cedar-Riverside, mtaa wenye Wasomali wengi, ikalia vigelegele. Nami nikapiga changu, kikohozi kikanikata katikati. Babako hakusema kitu, akaniletea maji.

Na binti naye? Muhula mmoja tu, 2018 akachaguliwa kwenda bunge la taifa, Washington. Nilisema cha kuazima, sawa, lakini hata hakijapata joto! Au ndiyo maana yenyewe ya kuazima? Sijui. Nilimkosea yule bibi? Nisijibu hilo.

Minane, nilisema? Weka kumi na miwili. Ukija Idi tutabishana vizuri, na usisahau dawa yangu ya kifua.

Mamako