Mleta mada, usifomati hiyo diski leo usiku

Zima mashine. Endelea kusoma hapa kwa simu.

Umeandika kwamba kompyuta uliyoiunga mwenyewe (Ryzen 5 3600, bodi ya B450, GTX 1660 Super, SSD, yaani diski isiyozunguka, ya 240GB yenye Windows, na HDD, ile diski ya kuzunguka, ya 1TB yenye gemu na picha za familia) inaganda katikati ya gemu, HDD inapotea na kurudi, na prosesa inafika nyuzi 92. Fundi kakwambia ufomati HDD "ipumue", halafu ununue kipoozeo cha maji. Na wewe unamalizia: usiku wa leo nafomati, nishaurini pesti gani (ile ya kupaka kati ya prosesa na kipoozeo) ni nzuri, feni ngapi zinatosha, na kama NVMe (SSD ndogo inayochomekwa kwenye bodi moja kwa moja) itakubali kwenye bodi hii. Nimepitia michango yote hapo juu, watu saba wanabishana pesti. Pesti! Paa linaungua, nyie mnachagua pazia.

Huyo fundi wako mimi namjua. Sura yake sijaiona, ila maneno yake nayajua moja baada ya jingine, maana wa kwangu aliyasema hayo hayo mwaka 2021, kaegemea kaunta anatafuna karanga. "Windows imechoka hiyo, bosi. Piga fomati, itakuwa nyepesi." Ikawa nyepesi kweli. Haikubaki na kitu ndani.

Mimi mchana nahariri video za harusi, usiku nacheza gemu, na kazi zote mbili zilikuwa zinafanyika kwenye mashine moja niliyoiunga mwenyewe sebuleni, Kimara. Keisi niliichagua kwa macho: kioo mbele, kioo ubavuni, feni tatu za taa za kubadilika rangi. Hewa inapita wapi? Sikujiuliza, nilikuwa naangalia taa. HDD nikaifunga chini kabisa mbele, kwenye kizimba chake nyuma ya kioo, na nyaya zote za ziada nikazisukumia humo humo ili ubavuni paonekane pasafi kwenye picha. Kisha mashine nzima nikaiingiza kwenye kabati la meza, watoto wasiiguse. Januari ya Dar unaijua. HDD ilikuwa inashinda kwenye nyuzi 57, 58, na HDD nyingi za kawaida mwisho wake ni 60. Nilikuwa naioka.

Ikaanza kama yako. Gemu inaganda, sauti inajirudia neno lile lile kama kanda iliyokwama, sekunde ishirini, halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikafungua Task Manager: diski asilimia 100, lakini kasi yake ni 0.4MB kwa sekunde. Hapo ndipo nilitakiwa nishtuke. Diski yenye kazi nyingi kwa kawaida inapitisha data nyingi. Diski inayodai imeelemewa kabisa huku haipitishi kitu, hiyo mara nyingi imekwama kwenye sehemu isiyosomeka: inajaribu, inashindwa, inarudia, na Windows nzima imesimama inaisubiri. Mimi niliona prosesa iko nyuzi 90 nikajua nimeshamkamata mchawi. Joto! Fundi naye akaitikia: joto!

Nikanunua kipoozeo cha maji, shilingi 280,000. Nikakifunga mwenyewe usiku kwa raha zangu, nikawasha, prosesa ikaenda nyuzi 96. Ile ya feni ndogo iliyokuja bure kwenye boksi la prosesa ilikuwa inapooza kuliko maji yangu ya laki mbili na themanini. Sababu niliigundua miezi mitano baadaye nilipokifungua: kile kiplastiki laini cha kwenye sahani ya shaba, chenye maandishi mekundu kwamba kiondolewe kabla ya kufunga, kilikuwa kipo hapo hapo, kimekunjamana na kushikamana na pesti. Nilikuwa nimeifunika prosesa kwa nailoni kama wali wa shughuli. Chekeni tu. Nami nilicheka, baadaye sana.

Lakini hilo lilikuwa kosa la 280,000, na prosesa haikufa. Prosesa ya kisasa ikizidiwa na joto inapunguza mwendo, na ikishindikana kabisa mashine inajizima. Inajilinda. Diski haina huruma hiyo, na yaliyomo ndani yake hayauzwi Kariakoo.

Sasa sikiliza kosa lenyewe.

Kwenye HDD ile kulikuwa na harusi nzima ya mteja: kanisani, ukumbini Tabata, hotuba, kamera mbili. Kadi za kamera nilishazifuta kwa ajili ya kazi ya Jumamosi iliyofuata. Nilipojaribu kunakili folda kwenye diski ya nje ikakwama asilimia 31, ikawa inagonga: tik, tik, kimya, tik. Nikampigia fundi, akasema niiendeshee chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, na ile /r yake ya kutafuta sehemu mbovu. Nikaiacha inafanya kazi usiku kucha ndani ya kabati la moto. Sasa elewa kinachotokea hapo: unaiambia diski mgonjwa isome kila sehemu ya mwili wake, ikae pale pale panapouma na kuparudia, na ikiwezekana ipange upya mafaili wakati huo huo, kabla hujatoa hata faili moja. Saa tisa usiku niliamshwa na mlio. Nilidhani ni panya.

Asubuhi fundi akanimalizia: "Fomati tu, mimi nina programu inarudisha kila kitu." Na akaongeza, kwa sauti ya daktari bingwa: "Ila ondoa ile tiki ya fomati ya haraka, ifanye ndefu, isafike vizuri."

Wakuu, tangu Windows Vista fomati ndefu inaandika ziro kwenye diski yote. Yote. Fomati ya haraka kwenye HDD angalau inafuta orodha tu na mafaili yanabaki yamelala chini mpaka yaandikiwe juu. Ile ndefu inapita na dekio. Fundi wangu hakujua, na bei yake aliitaja kwa kujiamini kabisa. Ile programu yake ikachakura saa tisa nzima ikaleta orodha tupu. Nikaipeleka kwa mtu mwingine mjini anayefanya kazi hiyo kwa dhati, akaifungua kwenye programu inayoonyesha data mbichi, akanigeuzia skrini bila kusema kitu. 00 00 00 00, mstari juu ya mstari, mpaka chini. Akashusha tena. 00 00 00. Akaniuliza nani kaifomati. Nikasema mdogo wangu.

Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba ukikosea kwenye HDD basi ufomati SSD kwa haraka "maana haifuti": acha kupotosha watu. Kwenye SSD, Windows ikifomati, hata kwa haraka, inaipa SSD taarifa kwamba nafasi zote ziko huru, na SSD inajisafisha yenyewe. Huko programu za kurudisha ndiyo hazina kazi kabisa.

Nikamwita mteja. Akaja na shangazi yake. Nilikuwa nimeshaandaa 450,000 zake kwenye bahasha, nimevaa shati la mikono mirefu, nimesema pole mara nne. Shangazi hakuigusa bahasha. Akasema, "Mwanangu, hela umerudisha, tunakushukuru. Na yule babu aliyetoa baraka ukumbini tumemzika mwezi uliopita. Baraka zake unazirudisha kwa bahasha gani?" Sina jibu mpaka leo. Mke wangu ndiye aliyeleta chai.

Sasa sehemu inayoniuma zaidi kiufundi, maana ndiyo itakayokudanganya na wewe. Baada ya fomati diski ILIKUWA NZURI. Gemu haigandi, hailii, na kwenye CrystalDiskInfo (programu inayosoma afya ya diski) ile rangi ya njano ya onyo ikapungua makali. Fundi akanitumia ujumbe: "Si nilikwambia?" Kilichotokea ni hiki. Kwenye programu hiyo, mstari wa C5 unahesabu sehemu zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Ukiandika juu yake, diski haina tena cha kusoma, kwa hiyo inafunga shauri: sehemu ikikubali kuandikwa inarudi kazini, ikikataa inahamishiwa kwenye akiba, na hapo mstari wa 05 unapanda. C5 yangu ikaenda ziro, 05 ikapanda. Diski haikupona, ilizika tu ushahidi. Wiki tatu baadaye bodi haikuiona tena.

Kwa hiyo wewe, kwa mpangilio huu na si mwingine:

Washa mashine kwa muda mfupi tu, usifungue gemu yoyote, fungua CrystalDiskInfo uisome HDD. Angalia 05, C5, C6 na C7. Angalizo: namba za mwisho kabisa kulia kwa kawaida zinaonyeshwa kwa hesabu ya kumi na sita (0 hadi 9, kisha A hadi F), kwa hiyo ukikuta 1F8 hiyo ni 504, usidhani ni jina la gari. C5 au C6 zikiwa na chochote zaidi ya ziro, diski inashindwa kusoma baadhi ya sehemu. C7 ikiwa ndiyo inayopanda na nyingine ni ziro, mara nyingi mgonjwa ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na bodi: umelegea, umekunjwa sana nyuma ya bodi, au umechoka. Na wewe umesema diski inapotea na kurudi, kwa hiyo waya (na plagi ya umeme ya diski) vibadilishe hata kama C5 inatisha. Waya ni hela ya chipsi mayai. Mimi nilinunua maji ya 280,000 kabla ya waya. C7 haitashuka hata ukibadilisha, angalia tu kama imeacha kupanda.

Kisha zima, toa hiyo HDD kwenye keisi, uilaze mezani ikiwa bado na nyaya zake, feni ya mezani iipulizie, ndipo uwashe tena. Naongea kweli kabisa, ile feni ya mezani ya nyumbani. Nakili kwanza vile ambavyo dukani havipo: picha, video, hati za shule. Gemu achana nazo, zitapakuliwa upya, hata kama ni kwa kifurushi cha usiku. Nakili kwenda diski NYINGINE, usinakili kutoka kona moja ya mgonjwa kwenda kona nyingine ya mgonjwa huyo huyo (nimeona mtu kafanya).

Ikikwama kama yangu ilivyokwama kwenye 31, usilazimishe. Washa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kutoka kwenye flashi utumie ddrescue, programu ya kuokoa data. Hii haing'ang'anii kidonda: mara ya kwanza inachukua vyote vinavyosomeka kirahisi na kuruka vibaya, halafu ndiyo inarudi kwa vibaya taratibu. Na ukiipa faili la ramani inakumbuka ilipoishia, kwa hiyo umeme ukikatika saa nne usiku, ukirudi unaendelea, huanzi upya. Ramani na nakala viwekwe kwenye diski nyingine isiyo na ugonjwa, yenye nafasi kubwa kuliko mgonjwa. Na kabla hujabonyeza, soma mara tatu ipi ni diski ya kutoka na ipi ya kwenda. Ukizigeuza, umefanya kazi ya fundi wangu bila malipo. Diski ikiwa inagonga bila kuacha na haionekani kabisa, hapo usifanye lolote, izime uipeleke kwa anayeokoa data, na ukimkuta anaanza na neno fomati, chukua diski yako uondoke.

Mpaka hapo hujagusa Windows, hujagusa pesti. Sawa?

Joto sasa, haraka haraka maana nina kazi asubuhi. Fungua ubavu wa keisi, cheza dakika ishirini, angalia nyuzi. Zikishuka kumi au zaidi, tatizo lako ni keisi kukosa hewa: huhitaji maji, unahitaji kuitoa kabatini, kama imo kabatini, na kupiga vumbi brashi. Zisiposhuka, ndiyo ufungue kipoozeo ukague kama kimekaa sawa na pesti haijakauka. Na ukague kiplastiki. Usinitazame hivyo. Halafu usichanganye dalili: kwa kawaida mashine kuganda na kuendelea ni tabia ya diski, fremu kupungua polepole kadiri unavyocheza ni joto, kuzima ghafla pu ni joto au pawasaplai (boksi la umeme la mashine). Wewe umeeleza la kwanza, fundi akakutibu la pili.

Kuna mtu atakuja kuniambia "mkuu, weka data mawinguni tu." Weka. Mimi sasa kila harusi inakaa sehemu tatu, moja kwa mama mkwe Morogoro kwenye kabati la vyombo vya wageni, na kadi ya kamera siifuti mpaka mteja asaini. Mama mkwe anadhani ni redio.

Haya, mleta mada, bado sijaona umejibu. Umeizima? Bandika picha ya hiyo mistari ya 05, C5, C6 na C7 hapa kabla hujagusa kitu kingine chochote.