Kudai hesabu za chama cha wafanyakazi: anzia kwenye hati ya mshahara

Ndugu yangu, umeeleza kwamba kiwanda cha minofu unakofanyia kazi hapa Mwanza kinakukata ada ya chama kila mwezi, na kwamba mwenyekiti wa tawi, ulipomuuliza kuhusu hesabu, alikujibu kuwa hayo ni mambo ya makao makuu. Nimewahi kuwa mweka hazina wa tawi katika kiwanda kingine cha kuchakata sangara, na jibu hilo nimelisikia likitolewa kwa watu waliotoka zamu ya usiku wakiwa bado na mabuti ya mpira miguuni.

Kisheria jibu hilo halina mashiko. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinakitaka kila chama kilichosajiliwa kitunze vitabu vya mapato, matumizi, mali na madeni, hesabu zikaguliwe kila mwaka na mkaguzi aliyesajiliwa, kisha taarifa zifikishwe kwa Msajili wa vyama hivyo na kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao ifikapo tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata. Mwanachama anayo haki ya kuzisoma taarifa hizo katika ofisi za chama.

Hata hivyo, nakushauri usianze kwa kutamka neno wizi. Anza kwa kuifuata fedha yenyewe. Tawi letu liliwahi kukaa muda mrefu bila mgawo wake, yaani sehemu ya ada inayorudi kwa tawi, na wanachama wakaamini kwamba viongozi wameula, hadi tulipokusanya hati za mshahara na kuzilinganisha na orodha za makato zilizofika chamani: mwajiri alikuwa anakata lakini hapeleki. Kifungu cha 61 kinampa siku 7 tu baada ya mwisho wa mwezi kuwasilisha makato hayo, na akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku ya ucheleweshaji. Ni adhabu nzito, na nashangaa ni matawi machache kiasi gani yanayoidai.

Ukishathibitisha kwamba fedha zilifika, ndipo uyaangalie matumizi. Kwa uzoefu wangu, tatizo la tawi hujificha kwenye mistari iliyounganishwa. Niliwahi kuletewa hati ya malipo iliyoandikwa "fulana na usafiri wa Mei Mosi" kwa jumla moja, bila jina la muuzaji wala idadi ya fulana. Nilikataa kutia saini hadi fulana ziwe na stakabadhi yake, usafiri uwe na saini ya mwenye gari, na iambatishwe orodha ya waliopokea fulana. Mwenyekiti aliniita mkaguzi wa kujiteua, lakini orodha ililetwa, nayo ilikuwa fupi kuliko idadi ya fulana zilizolipiwa. Kamati ikamtaka aliyezinunua arejeshe tofauti.

Kama kiwandani kwenu wasio wanachama nao hukatwa ada ya uwakala, yaani ada wanayolipa kwa kuwa chama kinawawakilisha nao, iulizie peke yake. Kifungu cha 72 kinataka fedha hiyo iwekwe katika akaunti tofauti na itumike kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi tu, kwa hiyo kuichanganya na mgawo wa tawi ni kosa hata kama hakuna shilingi iliyopotea.

Sasa mwandikie katibu wa tawi barua, wenzako kadhaa watie saini, mtaje mwaka wa hesabu mnaoutaka na nyaraka mnazotaka kuziona. Mkinyimwa, pandeni ngazi kwa ngazi kama katiba ya chama inavyoelekeza, na kila mara mbaki na nakala yenye mhuri au saini ya aliyeipokea na tarehe. Kifungu cha 53 kinamruhusu mwanachama kwenda Mahakama ya Kazi pale chama kinapokiuka katiba yake, lakini mahakama kwa kawaida itataka kuridhika kwanza kwamba njia za ndani zimekwisha, na nakala hizo ndizo zitakazoonyesha kuwa mlizipitia.