Fundi, ubao huu ulikuwa mashua?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimevunja banda la kukaangia samaki alilotuachia mama hapa Ggaba. Mbao za ukutani zina matundu yaliyopangana mstari, na pamba nyeusi imekwama ukingoni. Seremala anataka kuzipiga randa atengeneze meza. Kijana wangu anasema Ulaya mbao kama hizi huchimbuliwa na wataalamu. Ni kweli, au ni mambo ya simu tu?
Nnalongo, Ggaba

JIBU: Marahaba, Nnalongo. Randa iwekwe chini kwanza! Ubao huo ulikuwa mashua: pamba hiyo ni kalafati, ya kuziba maungio ya mbao maji yasipenye, na matundu ni ya misumari iliyoshika ubao kwenye mataruma, yaani mbavu za mashua. Pima kutoka tundu hadi tundu, utajua mataruma yalivyoachana. Seremala akiranda, kalafati imekwenda, na alama za shoka zimekwenda nayo.

Kijana hajakosea. London, kando ya mto Thames, watu wa zama za kati walijenga kuta za ukingoni kwa mbao za mashua zilizochoka, wakajaza udongo nyuma yake, mji ukasogea mtoni. Tope lililoshiba maji halina hewa, basi ubao hauozi upesi. Wachimbaji wamezikuta na misumari yake ya chuma, na katikati nywele za wanyama zenye lami. Kalafati yao hiyo. Na huko Chatham, Uingereza, mwaka 1995, chini ya sakafu ya karakana ya kutengenezea magurudumu zilikutwa mbao za Namur, meli ya kivita iliyoshushwa majini 1756. Mafundi walikuwa wakiikanyaga bila kujua.

Umri wanausoma kwenye pete za mwaloni (mti huo, si mwaloni kwetu tunakonunua sangara), kila mwaka pete moja. Ila pete hutaja mti ulikatwa lini, hazitaji ukuta ulijengwa lini. Mvule wetu hauna pete za wazi hivyo, kwa hiyo wewe waulize wavuvi wazee hapo Ggaba: banda lilisimama lini, na mama alinunua mashua ya nani?

Mimi mwenyewe niliwahi kupasua mkuku, ule uti wa chini, wa mashua ya baba nikachemshia maji ya kuoga. Mpaka leo unaniuma.

Andika namba kwa chaki kwenye kila ubao, upige picha kabla hujausogeza. Zisizo na tundu mpe seremala wako. Zenye kalafati zianike kivulini. Jumamosi nashuka na futi yangu.