Maswali yenu: kuzaliwa hapa, uraia hakuna

*Mtu asiye na uraia si ndiye mkimbizi? (Msomaji, Morogoro)*

La. Mkimbizi amekimbia kwao, na wengi wao bado wana uraia wa huko. Asiye na uraia, kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1954, ni yule ambaye hakuna nchi yoyote inayomhesabu kuwa raia kwa sheria zake. Huenda hajawahi kuvuka mpaka maishani mwake.

*Babu yangu alitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baba alizaliwa Kwale, pwani ya Kenya, nami pia. Mbona tumepata vipande (vitambulisho vya taifa) juzi tu? (Mmakonde, Msambweni)*

Kwa sababu ya mlango uliofungwa baada ya uhuru wa 1963, ndugu yangu. Wakati wa uhuru, aliyezaliwa Kenya alipata uraia moja kwa moja iwapo mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine walipaswa kuomba kusajiliwa, na ndani ya muda maalumu. Kibarua wa shambani, asiyesoma gazeti wala kuitwa na mtu, angejuaje? Muda ukapita. Msumbiji nako hakuna daftari lenye jina lake. Kwa kuwa uraia hutoka kwa mzazi, asiyekuwa nao hakuwa na cha kumwachia mwanawe, na mwana hivyo hivyo.

Sheria ya 2011 iliruhusu waliokuwapo tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao, kuomba uraia, lakini utekelezaji ulisuasua. Oktoba 2016 Wamakonde wakashika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Hapo ndipo mambo yakasogea, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Karatasi zilizokaa miaka ofisini zikapata mhuri kwa wiki chache! Washona, wenye asili ya Zimbabwe, walifuata, kisha Wapemba mwaka 2023.

*Nina cheti cha kuzaliwa. Hakitoshi?*

Hakitoshi. Kinasema ulizaliwa wapi na nani, basi. Ila usikipoteze, bila hicho hata pa kuanzia huna.

*Kukosa kipande kunamzuia mtu nini hasa? (Mama wa watoto watatu, Malindi)*

Waulize Wapemba wa Kilifi walivyoishi kabla ya 2023, mama. Mvuvi asiye na kipande hapati leseni, na akikutana na askari pwani hana cha kuonyesha. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, kwa hiyo pesa za samaki zinaingia kwa jirani kwanza, na siku wakigombana ajue mwenyewe. Benki hapana, shamba kwa jina lake hapana, kura hapana.

*Mume wangu ni mgeni. Watoto watafuata nani?*

Ukiwa Mkenya, wanafuata wewe pia: katiba ya 2010 inamtambua baba au mama. Mrundi hana bahati hiyo. Kwao sheria bado humtazama baba, na mama humpa mtoto uraia pale tu baba asipojulikana au akimkana.