Biskuti za Idi Zimalizike Kabla ya Kumi la Mwisho

Mwaka ule niliwasha oveni baada ya mwezi kuandama. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba biskuti za kupelekea majirani lazima ziokwe usiku huo huo, la sivyo zitaonekana za zamani. Saa nne usiku umeme ukakatika, treya ya tatu imo ndani. Uliporudi ilikaribia saa nane. Nikaoka mpaka adhana ya alfajiri, nikajaza vikopo kumi na vinne biskuti zikiwa bado na uvuguvugu, nikafunika, nikakimbilia kuoga niwahi swala ya Idi.

Jioni bibi wa nyumba ya tatu, aliyenijua tangu nabebwa mgongoni, alinishika mkono nilipokwenda kumwamkia. Akalifungua kopo langu mbele yangu. Chini ya kifuniko matone ya maji yamejipanga, na biskuti ukiiinua inakatika bila sauti. "Mwanangu," akasema taratibu, "mkono wako mzuri, lakini hizi umezifunika na joto lake. Mwakani anza mapema."

Nilianza mapema mwaka uliofuata, na sijarudi nyuma. Sasa naoka katika kumi la kati la Ramadhani, kati ya mfungo kumi na mbili na kumi na tisa. Mwezi ukiingia kumi la mwisho, vikopo viko juu ya kabati na mimi nina usiku wangu. Hili ndilo ninalotaka wenzangu wa hapa Tanga walisikie. Tunawaona mama zetu wakimaliza kumi la mwisho lote wameinama juu ya sinia la unga, usiku ambao wenzao wako kwenye mswala. Wanaipata Idi wamechoka hata mkono wa Idi wa watoto wanautoa wakisinzia. Haina haja iwe hivyo. Biskuti ya samli iliyookwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu hukaa wiki tatu bila kuharibika, na ladha ya iliki huzidi kutulia ndani yake kila siku.

Lakini hapa kwetu "pakavu" ni neno zito. Idi imekuwa ikituangukia ndani ya masika: ya 2024 tuliisali Aprili 10, ya 2025 Machi 31. Pwani wakati huo hata chumvi mezani inalowa. Sukari nayo huvuta unyevu wa hewa, na biskuti ni sukari nyingi. Kwa hiyo kazi yote ya kuoka mapema ni kupigana na maji: maji yaliyomo kwenye unga uliochanganya, na maji ya hewani.

Ndiyo maana natumia samli na si siagi. Siagi ina maji ndani yake, takriban sehemu 16 katika 100. Samli maji yake yamekwisha kuchemka na kutoka. Biskuti ya siagi ni nzuri ukiila kesho. Ya kukaa siku kumi na tano, nakwambia weka samli, tena ya kienyeji ukiipata sokoni Mgandini, inayonukia ukifungua chupa. Inusie kabla ya kulipa. Samli iliyoanza kuchacha haifichiki kwa iliki.

Kipimo changu cha nankhatai, ndizo biskuti zangu za samli, ni hiki: unga wa ngano gramu 500, samli gramu 300, sukari iliyosagwa gramu 250, vijiko viwili vya chakula vya semolina, nusu kijiko cha chai cha bekingi pauda, na iliki kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Iliki nasaga mwenyewe, siku hiyo hiyo. Tuna bahati ya kukaa jirani na milima ya Usambara inakolimwa, si haki kutumia ya unga iliyokaa dukani mpaka imepoteza roho.

Samli na sukari navipiga kwa kiganja kwenye sinia. Mashine inafanya, lakini kiganja kinakwambia mambo. Mwanzoni unasikia chembe za sukari zikikwaruza, samli ni ya manjano na inateleza. Baada ya dakika kumi hivi inakuwa nyeupe, nyepesi, inashika vidole kama povu la sabuni nzito. Hapo ndipo unachekecha unga juu yake na kukusanya kwa ncha za vidole. Usikande. Ukikanda kama chapati biskuti itakuwa ngumu ya kuumiza meno ya wazee, na wazee ndio wa kwanza kwenye orodha yangu. Unga ukishikana, uache nusu saa, kisha viringisha vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, bonyeza katikati kwa dole gumba, weka tone la zafarani. Zinatoka kama hamsini.

Moto uwe nyuzi 160, dakika kumi na nane hadi ishirini. Nankhatai haitakiwi kupata rangi juu. Inua moja uangalie tumbo lake, likiwa na wekundu wa mbali imeiva. Itakuwa laini bado, usiogope, inakaza ikipoa. Asiye na oveni apalie makaa: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, kifuniko na makaa juu yake. Moto wa juu uuzidi wa chini. Bibi yangu hakuwahi kumiliki oveni na nankhatai zake sijazifikia hadi leo.

Naoka baada ya tarawehe. Mchana na funga huwezi kuonja kwa raha, na jiko la mchana na joto letu linakumaliza. Usiku unaonja, unarekebisha, na hewa ya baharini inakusaidia kidogo.

Baada ya hapo inakuja sehemu iliyonishinda mwaka ule. Biskuti zikitoka, ziache kwenye treya dakika kumi, kisha zihamishie kwenye waya au ungo uliotandikwa kitambaa safi, zipoe kabisa. Kabisa maana yake ukiiweka kwenye shavu husikii chochote. Mimi nazipa saa mbili, lakini silali nikaziacha wazi mpaka asubuhi, maana zitakunywa unyevu wa usiku kucha. Kopo liwe la bati lenye kifuniko cha kubana. Makopo ya maziwa ya unga yaliyooshwa na kuanikwa juani ni mazuri kuliko plastiki nyingi. Chini naweka kijifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu vijiko viwili, juu yake karatasi, kisha biskuti kwa tabaka. Zikilegea kabla ya siku yake, zirudishe kwenye moto mdogo dakika tano na uzipoze upya. Zinarudi.

Visheti navyo vinakaa, wiki mbili bila tabu, ila shira iwe imeiva kweli. Shira ivute uzi kati ya vidole, uimwage juu ya visheti, uepue, ukoroge bila kusimama mpaka sukari igeuke nyeupe na kila kisheti kijitenge na mwenzake. Ukiacha kukoroga vikiwa bado vinang'aa, kwa masika haya vitanata na kuwa donge moja. Tambi za dengu zinakaa vizuri pia. Kashata za nazi mbichi usizifanye mapema hata kidogo, nazi inachacha. Hizo ziache siku ya mfungo ishirini na tisa, ni kazi ya saa moja tu. Na usichanganye koponi: tambi zina pilipili na kitunguu saumu, na nankhatai hunyonya harufu ya jirani yake kwa siku moja.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kugandisha unga. Ndiyo, kama una friza na umeme wa kutegemea. Viringisha vidonge, vigande kwenye treya, kisha vitie kwenye mfuko. Vinakaa hata miezi miwili. Mimi sitegemei, kwa sababu ya umeme.

Orodha ya nyumba naiandika kabla ya kununua unga. Mimi nina nyumba kumi na nne, kila moja biskuti kumi na mbili na visheti vya kujaza kikombe, nikaongeza makopo mawili kwa mgeni asiyetarajiwa, maana daima yupo. Majirani zangu wawili ni Wakristo na wamo kwenye orodha. Krismasi makopo yale yale hunirudia yana keki. Kwa mama mmoja wa mtaa wetu mwenye kisukari napeleka tambi na njugu za kukaanga, kwenye kopo lile lile zuri kama la wengine, lenye utepe ule ule. Asione kwamba lake ni pungufu.

Napeleka siku ya mfungo ishirini na tisa, alasiri. Mwezi unaweza kuandama jioni hiyo au tukakamilisha thelathini, lakini kopo likiwa limeshafika, mwenye nyumba analo la kuwekea wageni wa chai ya asubuhi ya Idi. Mwaka jana nilimtuma binti yangu kwa yule bibi wa nyumba ya tatu. Alirudi na salamu kwamba bibi amelitikisa kopo sikioni kabla ya kulifungua, akasikia zinagongana, akasema "Hizi zimekauka," kisha akamwekea nne mkononi azile akifuturu.