Jirani Anapojenga: Ongea na Fundi Kuhusu Chombo Chake

Wiki hii msomaji mmoja wa Ndosho, hapa Goma, amenitumia ujumbe mrefu. Jirani yake amebomoa nyumba ya mbao na sasa anainua ya kudumu, yenye etaji (ghorofa). Kelele zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, mtoto halali, mama yao ana presha, na alipowaendea mafundi walimjibu kwamba Goma ni mji wa mawe, avumilie. Anauliza: nimpeleke kwa chefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, au ninyamaze?

Bado mapema kwenda kwa chefu, na kunyamaza ni vibaya zaidi. Kila mmoja wetu anayeishi ndani ya mbao anaweka akiba ya simenti moyoni. Kesho ni wewe utakayeleta mawe na mchanga mlangoni, kwa hiyo hakuna mtu wa kumwambia mwenzake asijenge. Unachoweza kuomba ni saa, mahali pa mashine na namna ya kufanya kazi. Ukifika shantie, pale wanapojenga, na kusema "mnatusumbua", utapewa pole na kelele zitaendelea. Ukisema "Papa fundi, hizi etrie mnaweza kuzikata kwa kupbulo badala ya diskezi?", utasikilizwa, kwa sababu umeongea lugha yake: etrie ni pete za chuma za nguzo, kupbulo ni mkasi mkubwa wa kukata chuma, diskezi ni mashine ya kukata kwa diski.

Kwanza jua fundi analipwaje. Akilipwa kwa siku, hana haraka ya kuanza alfajiri. Akilipwa kwa forfe, yaani bei moja kwa kazi nzima, kila saa anayoipata ni faida yake, ndiyo maana nyundo zinalia kabla jua halijatoka. Huyo wa forfe usimbane peke yake. Mtafute mwenye parseli (kiwanja), hata kama anakaa Kinshasa au Ulaya, umwombe aweke saa ndani ya makubaliano yake na fundi. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa mashine, na kabla ya hapo kazi za kimya: kufunga ferabeto (vyuma vya betoni) kwa waya, kuchuja mchanga, kubeba maji na mawe. Shantie haipotezi siku kwa mpango huo. Inapotea pale tu ambapo hakuna aliyepanga.

Kelele ya kwanza Goma ni jiwe. Kwenye mitaa ambako lava ya Januari 2002 ilipita, huwezi kuchimba shimo la choo bila kuvunja. Juu kuna ganda lenye matundu ya hewa, linavunjika kwa masi (nyundo kubwa) na burini (patasi ya chuma) bila shida kubwa. Chini yake jiwe linakuwa zito na gumu, nyundo inaruka, na mlio wake unasikika avenyu nzima. Shimo la mita 2 kwa 2 lenye kina cha mita 3 ni mita za ujazo 12 za mwamba. Kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi. Kwa kompresa na nyundo yake ya hewa ni siku chache za kelele kali sana. Mimi naona afadhali kompresa, mradi saa zijulikane mapema: mgonjwa anaweza kupelekwa kwa ndugu siku chache, lakini si miezi miwili. Tena kompresa haina lazima ya kukaa kando ya shimo. Mpira wake wa hewa unaweza kuwa na mita 20 au zaidi, basi injini iwekwe upande wa barabara, mbali na madirisha yako.

Kuna njia tulivu zaidi kwa jiwe zito: kutoboa matundu kwa mstari, kila sentimita 15 hadi 20, kuingiza vipande viwili vya chuma na kabari katikati, kisha kuzigonga kabari kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka jiwe lipasuke lenyewe. Kelele ipo wakati wa kutoboa, lakini mishindo ya masi inapungua sana. Kwenye lava yenye matundu njia hii haifai, maana ufa haufuati mstari. Unaishia kwenye tundu la kwanza. Fundi akikukatalia kwa sababu hiyo, amesema kweli.

Halafu inakuja diskezi, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Diski ndogo ya milimita 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na mtu anayeishika anapata kelele inayokaribia desibeli 100. Kwa kanuni ya kazini ya desibeli 85 kwa saa 8, ambapo kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu, desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku. Vijana wetu wanakata kutwa nzima bila kitu masikioni. Waambie. Ni wao wanaopoteza masikio kabla yako.

Hesabu nguzo moja ya mita 3 yenye etrie kila sentimita 15: ni etrie 20. Nguzo 12 zina etrie 240, na kila moja ikikatwa kwa diskezi ni vilio 240 ambavyo havikuwa na lazima. Ferabeto ya milimita 6 au 8 inakatwa kwa kupbulo kwa mkono, kimya, na kwa haraka ileile. Ya milimita 12 inahitaji kupbulo kubwa yenye mikono mirefu. Ya 16 na kuendelea, sawa, diskezi iingie. Bati nalo likatwe kwa mkasi wa bati. Kulikata kwa diskezi kunaunguza rangi na zinki kwenye ukingo, kisha kutu inaanzia hapohapo. Kwa hiyo unapoomba mkasi unamsaidia hata mwenye nyumba. Karo (vigae) za kawaida zinakatwa kwa mashine ya mkono, ile ya kuchora mstari na kuvunja. Diskezi inabaki kwa kona zenye umbo la L na matundu ya robine. Na diski iliyochakaa inalia muda mrefu kuliko mpya kwa kipande kilekile. Fundi anayebana bei ya diski anakulipisha wewe usingizi.

Siku ya kumwaga dale (sakafu ya betoni ya juu) usiombe wasimame. Hapa watu wengi wanajidanganya na kugombana bure. Betoni inaanza kushika ndani ya saa kama mbili, na jua kali linaharakisha. Ukikata kazi katikati, betoni mpya haishikani vizuri na ya zamani, panabaki mstari dhaifu ambao maji yatapita. Dale ya mita 10 kwa 8 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 12. Kwa kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, ni mifuko 84 ya kilo 50. Betoniera inayotoa lita 200 kila mara itazunguka mara 60, na kwa dakika 6 kila mzunguko ni saa 6 za injini, bila kuhesabu mvua, mchanga uliochelewa au mkanda uliokatika. Ikianza saa nne na hayo yakatokea, inaweza kumaliza usiku. Basi omba vitu viwili: tarehe, walau siku tatu mbele, na waanze saa moja asubuhi. Ndiyo, siku hiyo moja ukubali waanze mapema. Ni bora kuliko betoniera na vibrera (mashine ya kutikisa betoni) kunguruma saa tatu usiku chini ya taa za jenereta.

Baada ya hapo panakuwa kimya wiki tatu hivi, kisha wanaondoa mbao za kofraji, zile zilizoshikilia betoni, na watu wanashangaa kelele zimetoka wapi tena. Mbao zinaangushwa toka juu, misumari inang'olewa na kunyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe. Waombe washushe mbao kwa mikono badala ya kuzitupa. Hii ni bure kabisa, na mbao zisizopasuka wataziuza au kuzitumia tena.

Kelele ya kipumbavu kuliko zote ni ile ya kupasua kuta zilizokwisha pakwa simenti ili kupitisha nyaya za umeme na mabomba. Inatokea kwa sababu mwenye nyumba alimwita fundi umeme mwisho. Mabomba ya nyaya yangewekwa wakati bloke zinapangwa, siku hizo zote za burini zisingekuwepo. Ukiwa unaongea vizuri na jirani, mkumbushe mapema, kuta zikiwa bado uchi.

Jenereta: kila umbali unapozidishwa mara mbili mahali pa wazi, kelele inashuka karibu desibeli 6. Kuitoa mita 5 kutoka dirisha lako hadi mita 20 ni desibeli 12, tofauti ambayo hata mtoto ataisikia. Chini yake wawekee vipande vya tairi, ekzosi igeuzwe upande usio na watu, na pande tatu zipangiwe bloke bila simenti. Upande wa nne na juu pabaki wazi. Jenereta iliyofungiwa ndani inachemka, na gesi iliyo ndani ya moshi wake inaua bila harufu ya kukuonya.

Ndani ya nyumba yako ya mbao usitegemee miujiza. Kadibodi za mayai ukutani hazizuii kelele ya nje. Zinapunguza mwangwi wa chumbani tu. Kinachozuia ni uzito na kuziba nyufa. Hata ukuta mzuri sana, ukiwa na matundu ya asilimia 1 ya eneo lake, hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi. Kwa hiyo kabla ya kununua tripleksi, ziba nafasi kati ya mbao, chini ya mlango, na pale bati linapokutana na ukuta. Hamishia kitanda cha mgonjwa chumba cha upande ulio mbali na shantie, kabati la nguo lisimame kwenye ukuta unaopokea kelele. Vizibo vya masikio vya sponji vivingirishwe viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika kivimbe. Pamba haifanyi kazi hiyo.

Siku za kupumzika ziandikwe mapema, maana kwenye avenyu moja kuna Msabato anayesali Jumamosi na Mkatoliki wa Jumapili, na fundi huenda ni mmoja wao. Kukiwa na matanga, mashine zinazimwa mpaka mazishi. Sijawahi kusikia shantie ya Goma ikikataa hilo inapoombwa na wazee.

Kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, piga picha za kuta zako ndani na nje. Ufa uliopo uupake plasta kidogo juu yake, uandike tarehe. Plasta ikipasuka, ufa umesogea. Ondoa pia bomba linaloleta maji ya mvua kutoka bati hadi kwenye tanki, maana vumbi la simenti linatua juu ya mabati wiki nzima, na mvua ya kwanza inalishusha lote. Maji hayo ya kwanza yamwagwe.

Fundi akikataa na mwenye parseli hapokei simu, hapo nenda kwa kiongozi wa nyumba kumi, kisha kwa chefu wa avenyu. Usiende na hasira, nenda na daftari: tarehe, saa, mashine gani, muda gani. Kifungu cha 258 cha sheria ya madeni na mikataba kinamlazimisha anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake kuilipa, na picha zako za ukuta ndizo zitakazoonyesha hasara hiyo. Lakini mara nyingi haifiki huko. Omba karatasi moja iandikwe mbele ya chefu, yenye saa za mashine, siku za kimya na tarehe ya dale, itiwe sahihi na mwenye nyumba au mtu wake, si na fundi peke yake, kwa sababu fundi wa msingi siye atakayeweka karo.