Bili imepanda katika nyumba ya hita: utafute umeme unaopasha joto mahali pasipofaa

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba nyumba yako hupashwa joto kwa umeme mtupu, kwamba bili ya msimu huu wa baridi imekaribia mara mbili ya ile ya msimu uliopita ilhali hamkuongeza mtu wala kifaa, na kwamba umekwisha kubadilisha balbu zote na kuchomoa chaja na televisheni bila kuona nafuu. Niliwahi kusumbuliwa na tatizo hilo katika nyumba ya aina hiyo, na nitaeleza nilivyolifuatilia, kwa sababu sehemu kubwa ya ushauri uliopewa inafaa kwa nyumba isiyo na hita.

Nyumba ya hita ina hesabu yake. Umeme wowote unaotumika ndani ya kuta, uwe umeingia kwenye balbu, friji au televisheni, mwishowe hugeuka joto, na joto hilo huipunguzia hita kazi. Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka sebuleni wakati wa baridi, hita ya sebule yenye themostati, yaani kidhibiti kinachoiwasha na kuizima kufuatana na joto la chumba, hupunguza karibu wati 60 zile zile, na ukiiondoa balbu hiyo hita itazirudisha. Ndiyo maana hukuona tofauti. Kwa sababu hiyo hiyo, hita mpya ya bei kubwa uliyofikiria kununua haitakusaidia, kwani hita ya elementi, yaani ya waya unaopata moto umeme unapopita, iwe ghali au rahisi, hutoa joto lile lile kwa kila uniti, ingawa wauzaji hawapendi kulisema hilo. Unachotakiwa kutafuta ni umeme unaogeuka joto mahali ambapo joto hilo halikufikii: nje ya nyumba, chini ya sakafu, darini, au ndani ya maji yanayokwenda mtaroni.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba bili yako imetokana na mita iliyosomwa kweli, si makadirio, maana makadirio ya chini ya miezi iliyopita hulipwa yote kwa pamoja siku mita inaposomwa. Ukiridhika na hilo, anza kuisoma mita mwenyewe kila siku saa ile ile, na kando ya tarakimu uandike wastani wa joto la nje siku hiyo. Endelea mpaka uwe umepata siku za baridi kali na siku za baridi kidogo, kisha uzipange kuanzia siku ya baridi kidogo hadi ya baridi kali na kuzilinganisha na kumbukumbu za msimu uliopita kama unazo. Ikiwa ongezeko linakua kadiri baridi inavyozidi, kosa liko katika upashaji joto wenyewe au katika nyumba inayopitisha hewa: dirisha lisilofunga sawasawa, sponji ya darini ya kuzuia joto lisitoroke iliyolowa au kusogezwa, au feni ya kutoa hewa isiyozimwa. Lakini ikiwa uniti zilizoongezeka ni zile zile katika siku ya baridi kali na katika siku ya baridi kidogo, kuna kitu kinachokula umeme bila kujali hali ya hewa, na kukipata ni rahisi zaidi. Kwangu ilikuwa hivyo.

Kitu cha namna hiyo hutafutwa usiku, watu wakiwa wamelala. Shusha themostati zote hadi mwisho, zima hita ya maji na friji, kisha uende kwenye mita. Mita nyingi za kisasa zina kitaa kinachomemeta mara 1000 kwa kila uniti, na idadi hiyo imeandikwa usoni mwa mita yenyewe. Hesabu sekunde zinazopita kati ya mmemeto mmoja na unaofuata, kisha ugawanye 3600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Mita yangu, katika nyumba iliyokuwa giza na kimya kabisa, ilikuwa ikimemeta kila baada ya sekunde 9. Hizo ni wati 400, yaani karibu uniti 10 kwa siku na takriban 290 kwa mwezi, na hakuna chaja wala televisheni iliyozimwa inayoweza kula kiasi hicho.

Kutoka hapo nilizima breka moja moja, na baada ya kila moja nilirudi kukitazama kitaa. Breka iliyokinyamazisha ilikuwa na kibandiko kilichosomeka "taa za nje", na taa za nje zote zilikuwa zimezimwa. Kumbe waliojenga nyumba walikuwa wameunga kwenye laini hiyo kebo ya kupasha joto inayozungushiwa bomba la maji ili lisigande pale linapopita chini ya sakafu. Kebo hiyo ilikuwa na themostati yake ndogo ambayo kontakti zake, yaani vipande vinavyounga na kukata umeme, zilikuwa zimeungua na kushikana, kwa hiyo ilikuwa ikiwaka mchana na usiku, masika na kiangazi. Nilipoingiza kidole kati ya bomba na sponji iliyolifunika nilikuta joto la kutosha kukausha nguo, katika siku ambayo maji yasingeweza kuganda hata kidogo. Nashauri usiviamini vibandiko vya breka. Viamini vile tu ulivyovihakikisha mwenyewe kwa kuzima na kutazama kimezimika nini.

Kebo hiyo haikueleza ongezeko lote. Lililobaki lilikuwa kwenye maji ya moto, na hapa ndipo ninapowaomba wenye nyumba za hita wapakague kwa makini zaidi, kwa kuwa maji hubeba joto jingi mno. Chukua mfano wa uvujaji wa lita moja tu kila dakika 5. Hizo ni lita 288 kwa siku, na ikiwa hita imeyaongezea maji hayo digrii 50, umetumia karibu uniti 17 kuupasha joto mtaro. Vali ya usalama ya tanki la maji ya moto, ile inayotoa maji shinikizo likizidi, ikishindwa kujifunga hutiririsha maji kupitia bomba linaloishia nje au mtaroni moja kwa moja, mahali ambapo hakuna anayeyaona. Funga mabomba yote na uitazame mita ya maji. Ikiendelea kusogea, liguse bomba la kutolea maji la vali saa kadhaa baada ya watu kuoga. Likiwa bado na joto, mwite fundi bomba. Ikiwa mabomba ya maji ya moto yamezikwa kwenye zege, tembea peku sakafuni, kwa sababu bomba linalovuja hupasha joto mkanda wa sakafu usio na sababu nyingine ya kuwa hivyo.

Kosa lingine la hita ya maji halimwagi tone. Elementi ni waya uliomo ndani ya mrija wa chuma uliojazwa unga usiopitisha umeme. Mrija ukipasuka, maji huingia na umeme hupata njia ya kwenda ardhini. Katika hita ambazo themostati hukata waya mmoja tu kati ya mbili zenye umeme, elementi iliyopasuka inaweza kuendelea kupasha maji hata themostati ikiwa imekata. Penye kifaa cha kukata umeme unaovuja, kwa kawaida kitaukata na utajua. Pasipo nacho, dalili ni maji ya moto kupita kiasi na uniti zinazokwenda bila mpangilio. Jambo hili ni la hatari, nawe usilifungue mwenyewe, bali zima breka ya hita na umsubiri fundi umeme.

Hukutaja kama una pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Ikiwa unayo, sehemu ya niliyosema hapo juu inabadilika, kwa kuwa katika baridi ya wastani pampu hutoa takriban uniti 3 za joto kwa uniti 1 ya umeme, na kwa hiyo balbu ulizobadilisha zimekuokolea kitu. Lakini pampu huwa na elementi za akiba, na hapo ndipo bili hupandia kimyakimya: gesi inayozunguka ndani yake kubeba joto ikipungua au sehemu ya nje ikifunikwa na barafu isiyoyeyuka, elementi hushika kazi yote, nyumba hubaki na joto lile lile, na hakuna anayegundua mpaka bili ije. Kushusha sana themostati usiku huleta matokeo hayo hayo asubuhi, kwa kuwa pampu hushindwa kupandisha joto haraka na kuziita elementi. Iache themostati mahali pamoja kwa siku chache, utazame taa ya elementi za akiba, na ikiwa inawaka hata katika siku za baridi kidogo, mwite fundi wa pampu apime gesi kabla hujagusa kitu kingine chochote.